Mrija Wako Bado Uko Jikoni

Kijijini Molo,
Tororo,
9 Machi 2024.

Mpendwa mdogo wangu Amoit,

Pokea salamu zangu huko Eldoret, wewe, shemeji na watoto wote. Mguu unaendeleaje? Uliniambia daktari amekukataza kubeba maji, nami nilicheka peke yangu, maana hata tulipokuwa wasichana kubeba maji hukukupenda. Sisi hapa tuko hai. Mvua imeanza, wimbi tumepanda, na yule mbuzi wako mweusi amezaa mapacha. Miwani yangu imevunjika sikio moja, nimelifunga kwa uzi, kwa hiyo ukiona mistari inapanda mlima usinicheke.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu macho yakikuchoka unawapa watoto wakusomee, na Kiteso chao unakijua mwenyewe. Lakini barua hii isome wewe kwanza. Kwa simu siwezi. Simu yangu huwa naichajisha dukani kwa mkwe wangu Okia, na siku hizi pale dukani sikanyagi. Mukhwana, yule wa lori la vitunguu, ndiye atakayekuletea mkononi.

Amoit, ninaogopa. Nilitaka nikupe habari nzuri nyingi kwanza, lakini zimeisha upesi.

Unamkumbuka Oriokot, shemeji yake jirani yangu Achola, ambaye alikuwa akikuulizia kila tulipokutana, hata ulipokuwa umeshaolewa na kuzaa? Amefariki. Alikunywa ajono, pombe yetu ya wimbi, kwa Achola Jumapili moja pamoja na sisi wengine, akarudi kwake, tumbo likamshika. Hospitalini walisema utumbo ulikuwa na kidonda cha siku nyingi nao umetoboka. Wanawe waliyasikia maneno hayo ya daktari, Okia akiwa mmoja wao. Walipofika nyumbani walikuwa wameshayaacha njiani.

Tatizo ni kwamba siku ile Achola hakuonja kwanza. Wewe mtoto wa hapa, sina haja ya kukufundisha: mwenye chungu ndiye anayetia mrija wa kwanza, anavuta wageni wakimwona, ndipo wengine wanatia yao. Achola alikuwa ameshamimina maji ya moto chunguni na mrija ameushika. Mara akaona mbuzi wameingia kwenye mihogo yake, akaenda kuwafukuza. Aliporudi, Oriokot, ambaye kiu yake unaijua, alikuwa ameshavuta na kufuta mdomo. Tukacheka sote. Mimi nilicheka kuliko wote.

Sasa kuhusu mbuzi hakuna anayekumbuka. Wanachokumbuka ni kwamba hakuonja. Wanasema pia kwamba yeye si wa hapa, kwao ni kwa Jopadhola. Mwanamke ameolewa hapa angali msichana, amezaa hapa, mume wake amelala hapo nyuma ya nyumba, na leo ndiyo wamegundua kwamba ni mgeni.

Jumapili iliyopita tukiwa kanisani jiko lake lilichomwa. Tulikuta majivu na vyungu vimepasuka. Mwanawe Ekwaro yuko Kampala. Alipopigiwa simu alisema, "Mama, toka tu hapo," na tangu siku hiyo simu yake haipatikani. Mwenyekiti wa kijiji ametuambia tutulie. Natulia vipi, na harufu ya moshi bado iko kwenye nguo za mwenzangu?

Wakubwa wa ukoo wamekaa, wamekata shauri. Jumamosi hii Achola atengeneze ajono tena, aonje mbele ya watu wote, na ukoo uitwe. Wakinywa, maneno yameisha. Wasipokunywa, afunge mizigo arudi kwao. Na vijana wanasema wazi kwamba asipoondoka kwa miguu yake, wao wanajua la kufanya.

Ni leo, Amoit. Nakuandikia asubuhi, na wimbi lake lililochachuka tunaliona limetulia tu chunguni kama halina habari.

Mimi ningekwenda bila kufikiri. Lakini jana Shallon wangu alikuja, mtoto mgongoni, akasimama mlangoni, hakutaka kuketi. Unajua ameolewa na Okia, kwa hiyo marehemu alikuwa baba mkwe wake. Akaniambia, "Mama, wewe ukikunywa pale kesho, mimi nitakaa aje kwa ile boma? Watoto wangu watanipa?" Nilimtazama tu nikawaza kwamba amesahau, au labda sikuwahi kumwambia vizuri: nilipomzaa nilishikwa na homa, maziwa yakakauka, na Achola, aliyekuwa ananyonyesha Ekwaro, alimweka kwenye titi lake la pili. Ekwaro huku, Shallon kule. Tulikuwa tukisema Achola ana mapacha wa koo mbili.

Basi nimekaa hapa katikati. Huku ni mtoto wangu, huku ni aliyemnyonyesha. Naogopa watampiga Achola nikiangalia. Naogopa watamfukuza Shallon. Na nitakuambia jingine ambalo sijamwambia mtu: naogopa kwamba saa ikifika miguu yangu itakataa. Kanisani wanatusimulia mashujaa wa imani, mimi hata nyoka wa kijani namkimbia.

Achola ananiita nikamsaidie kuteka maji. Nitamalizia baadaye.

Jumatatu

Mdogo wangu, ni mimi tena. Mukhwana alichelewa, Mungu anajua kwa nini, kwa hiyo nakueleza yaliyotokea.

Walikuja wengi kuliko siku ya mazishi. Viti vilipangwa kuzunguka chungu, lakini watu walisimama pembeni, wengine hadi kwenye ua wa jirani. Achola alivaa gomesi lake la Krismasi. Akamimina maji ya moto kila mtu akiona, akatia mrija, akavuta. Akavuta tena, kwa muda mrefu. Halafu akakaa, mikono mapajani, akangoja.

Hakuna aliyesogea. Nilisikia kuku wakiparua majani. Niliwatazama watu ambao harusi zao, ubatizo wao na vilio vyao vyote Achola aliwapikia, nao wakawa wanatazama viatu vyao. Na miguu yangu, kama nilivyokuambia, ilikataa. Nadhani nilisimama pale muda wa kutosha kuivisha maharagwe.

Kilichoninyanyua si ushujaa. Niliona anaanza kukusanya gomesi ili ainuke, jinsi anavyofanya akiona sherehe imeisha. Nikasema moyoni, akiinuka hivi hatakaa tena hapa. Nikaenda, nikakaa karibu naye, nikatia mrija wangu. Mrija ukawa unagonga ukingo wa chungu, kila mtu akisikia. Mimi na Achola tumezoea kile Kiswahili chetu cha sokoni, tangu alipoletwa hapa akiwa hajui Kiteso. Akaniambia kwa sauti ya chini, bila kugeuka, "Mama Shallon, vuta polepole. Hii kitu hapana kimbia."

Nikavuta. Ilikuwa nzuri, Amoit. Alitia moyo wake wote kwenye ajono ile. Tulikaa vikongwe wawili na chungu cha watu wengi, tukanywa, na viti vyote vitupu.

Halafu Shallon akatoka upande wa wanawake. Unajua mke wa mtu hanywi mbele ya wakwe zake, hata karibu hapiti. Alipita katikati yao. Alifungua kanga, akamtoa mtoto mgongoni, akamweka kwenye mapaja ya Achola. Kisha akapiga magoti kando yangu, akauchukua mrija wangu mkononi, akavuta. Mtoto akashika mkufu wa rozari wa Achola akaanza kuutafuna, na hapo ndipo Achola alipolia. Moto wa jiko haukumliza, mwanawe kuzima simu hakukumliza.

Ningependa kukuambia kwamba watu wote walikuja wakaketi. Hawakuja. Okia alipanda pikipiki yake akaondoka bila kumtazama mke wake. Mkubwa wa ukoo alisimama, akasema, "Tumeona," akachukua fimbo yake. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Wameona nini? Hakuna aliyetuambia, na hilo ndilo linaloninyima raha. Chungu kilibaki kimejaa.

Sasa Shallon yuko hapa kwangu na mtoto. Watoto wake wakubwa wawili wako kwa baba yao, hatujaruhusiwa kuwaona. Achola naye nimemleta hapa, analala kitanda chako. Kisimani wanawake wanasogeza mitungi yao nikifika. Jana Harriet wa kwaya alikuja kunisalimia, nikampa maji, akashika kikombe mpaka alipoondoka, akakirudisha kimejaa. Pikipiki ikipita barabarani sisi watatu tunanyamaza mpaka mlio wake uishe. Mchana kweupe tunafunga mlango.

Kwa hiyo nakuomba jambo. Njoo. Ukoo wa Oriokot hawanisikilizi mimi tena, lakini wewe ulimuuguza mama yao mpaka akafa mikononi mwako, hawajasahau. Usije kwangu moja kwa moja. Shukia kwa Achola, watu wakikuona, keti pale nje, sisi tutaleta chungu, unywe. Mrija wako bado uko jikoni kwangu, juu ya moshi pale ulipouacha. Jana nimeushusha, nikauosha, hauna ufa. Achola ameshaloweka wimbi kwa ajili ya kimea. Nilipomuuliza ni kwa ajili ya nani, alisema ni kwa ajili yako, eti wewe hujawahi kukataa.

Nisalimie shemeji, Cate na mdogo wake, na mama mkwe wako kama bado anasikia. Achola anakusalimu, Shallon anakusalimu. Mungu aushike mguu wako na akulinde barabarani, wewe pamoja na Mukhwana na vitunguu vyake.

Sijui kama vijana watakuja. Hao nimeanza kuwazoea. Ninachokiogopa zaidi ni kwamba utaisoma barua hii mpaka mwisho, uikunje vizuri, halafu useme mguu unauma.

Ni mimi dada yako nikupendaye, nikiangalia barabara,

Asekenye