Shingo Iliyochongwa Kama Kafi

Jumanne, tarehe 4 mwezi wa kumi

Tangazo kwa wote walio chumbani saa hii, yaani mimi na paka: leo alasiri, mbele ya umati wa watu wanne na mbuzi wa jirani, gita jipya limeingia rasmi mtaani kwetu, Mangobo. Wimbo wa taifa haukupigwa. Mwenye gita hakuwa na uvumilivu.

Mwenye gita ni Asani, fundi cherehani, mwenzangu wa kupiga gita tangu tulipokuwa na nywele. Mpwa wake amelileta kutoka Bujumbura juu ya magunia ya chumvi. Linang'aa kama kiatu cha bwana arusi. Nimelishika. Shingo yake ni nyembamba, nyuma ni bapa kama mgongo wa kijiko. Vidole vinakimbia vyenyewe. Lakini gumba langu limekosa pa kukaa.

Nimesema ni zuri. Nimesema mara mbili, ili lisikike kweli.

Jumatano, tarehe 5

Kazini Lubunga, ng'ambo ya mto, kama kila siku. Mtumbwi asubuhi, ghala la reli mchana, mtumbwi jioni. Nimehesabu misumari huku nikiwaza shingo.

Gita langu ni la zamani, la kabla ya uhuru. Shingo yake ni nene na nyuma imechongoka katikati, kama tumbo la mtumbwi. Ule ukingo unaingia pale kati ya gumba na kidole cha shahada, mkono unafunga kama unashika mpini wa jembe, na gumba linapita juu na kukanyaga uzi wa besi. Ndivyo tulivyojifunza sote. Gumba linapiga besi, vidole vinaimba. Mtu mmoja anakuwa wawili.

Kwenye gita la Asani mkono hauna cha kufunga. Shingo ni pana, na gumba linabaki nyuma kama mtu aliyekosa treni.

Jumamosi, tarehe 8

Asubuhi salongo, kazi ya lazima ya umma. Tumefyeka majani ya barabara kwa ajili ya taifa. Asani alifyeka kidogo na kusema sana.

"Papa Safi, ile yako si gita, iko mguu ya meza. Bon, tuweke sahani juu yake, tukule."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, mwisho.

Jioni tumepiga pamoja kwake. Tangu ujana mimi naimbisha, yaani gita langu linaongoza wimbo, yeye ananifuata. Leo nilimfuata mimi. Alinipita kwenye kila kona. Mkewe alileta ndizi za kukaanga akampa yeye kwanza.

Wivu. Niandike neno lenyewe, hakuna anayesoma.

Jumapili, tarehe 9

Arusi ya binti yangu Safi ni Jumamosi ya tarehe 22. Dada yangu mkubwa, Yaya Mwamini, atafika kutoka Kindu kusimamia. Kwetu, watu wa Maniema, kila ukoo una mambo yake, na la kwetu ni hili: binti havuki kizingiti mpaka wimbo wa nyumba upigwe na baba yake. Asipopiga, binti anatoka kama mgeni aliyekuja kulala tu. Marehemu mama yetu alikuwa akiutoa wimbo huo akitwanga sombe, majani ya muhogo. Mimi nikauweka kwenye gita. Safi alikuwa hajaota meno nilipomwahidi kuupiga siku yake.

Nataka siku hiyo niupige vizuri kuliko Asani anavyopiga chochote. Hilo tu. Si ombi kubwa.

Jumatatu, tarehe 10

Nimevuka na gita langu. Karibu na ghala letu yuko Bolamba, mchonga makafi. Makafi yake yanajulikana mto mzima. Nimemwuliza kama anaweza kupunguza shingo.

"Citoyen, hii iko kazi ya asubuhi moja. Mukono ya kafi na shingo ya gita ni ndugu."

Niliamini. Mtu anayefanya jambo la kipumbavu huwa anaamini upesi.

Jumanne, tarehe 11

Imekwisha. Ukingo umetoka wote. Shingo ni nyembamba, laini, msasa umepita mpaka inateleza kama samaki. Nimekaza nyuzi mpya za chuma. Niliogopa gumba litapotea kama kwa Asani, lakini Bolamba ameacha shingo ile ile isiyo pana, ameiviringisha tu. Gumba linafika. Vidole vinakimbia. Nina vyote viwili.

Nimepiga mpaka mke wangu, Mama Safi, akasema kama nataka kumwoa Bolamba niseme sasa, kabla hajapika.

Nina furaha ya kitoto. Kesho nitamwonyesha Asani.

Jumatano, tarehe 12

Nimemwonyesha. Alishika, akapiga, akaigeuza shingo huku na huku. Kisha akaniuliza kama ndani kuna chuma. Nikamwambia ndani kuna muziki. Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara.

Ijumaa, tarehe 14

Mvua tangu jana. Gita limenuna. Nyuzi zimepanda juu katikati ya shingo. Kukanyaga kunauma.

Jumamosi, tarehe 15

Zimepanda zaidi. Nimelaza rula kwenye shingo. Mbao imejikunja kama upinde. Kati ya uzi na mbao kidole cha mtoto kinapita. Mama Safi ameuliza kama aanike nguo kwenye nyuzi hizo.

Nimekaa nalo magotini. Naogopa.

Jumatatu, tarehe 17

Bolamba ameangalia akafurahi. Kweli, alifurahi. Ameniambia kafi zuri lazima lijikunje kidogo, la sivyo linavunja bega la mpiga kafi. Ndiyo maana kapunguza mpaka akasikia mbao inaanza kutii. Yangu inatii vizuri sana, anasema. Amenisifu kwa kuwa na mbao hiyo.

Sikuweza kumkasirikia. Nilimpelekea mchonga makafi, akanichongea kafi. Kosa lina jina, na jina ni langu.

Jioni nilipita kwa Asani. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuzunguka, lakini yalipotea njiani. Nikamwonyesha tu. Akachukua gita lake, akafungua kifuniko kidogo kule kichwani, akaingiza ufunguo mdogo, akazungusha. Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma. Nyuzi zinavuta, fimbo inakataa. Ndiyo maana wanaweza kuzifanya nyembamba. Za zamani hazikuwa na fimbo. Unene ndio uliokuwa fimbo.

"Ndicho nilikuuliza siku ile," alisema. Halafu, kwa kuwa ni Asani: "Mguu ya meza ilikuwa na akili kuliko mwenyewe."

Jumanne, tarehe 18

Asani ameniazima gita lake bila kuombwa. Nimejaribu wimbo wa nyumba usiku kucha, maana yake mpaka saa mbili tu ya usiku, nikasinzia. Haiwezekani. Shingo ni pana, gumba halifiki. Bila besi ni wimbo wa mtu mwingine. Mkono wenye miaka hamsini haujifunzi kwa siku tatu.

Safi alisikia kutoka uani. Akaondoka kabla sijamaliza.

Alhamisi, tarehe 20

Yaya Mwamini ameteremka kwenye treni Lubunga na kuku wawili na amri nyingi. Nimembeba yeye na kuku mpaka mtumbwini. Nimemweleza habari ya shingo katikati ya mto, mahali asipoweza kuondoka.

Tulipogusa ng'ambo akasema: "Mama alikupatia wimbo, hakukupatia randa."

Nikauliza kama Asani anaweza kupiga kwa niaba yangu. Akasema Asani ni mtu mzuri, si wa nyumba. Wimbo lazima utoke kwenye mkono wa baba. Nikauliza, nikipiga hata kidogo tu kitatosha? Akasema hajui kidogo ni kiasi gani, atasikia siku yenyewe.

Ijumaa, tarehe 21

Asani amekuja na wazo. Tulegeze nyuzi za gita langu, tushushe sauti yake chini sana. Shingo itapumua, itanyooka kiasi. Kule juu karibu na kichwa nyuzi bado ziko karibu na mbao, gumba linaweza kukanyaga. Nipige besi tu. Yeye aimbishe.

Yaani mimi nimfuate. Kwenye wimbo wa nyumba yangu, kwenye arusi ya binti yangu.

Nimekubali. Nilisema "donc, sawa" kama mtu aliyeombwa kupisha kiti. Mtoto ataondoka kesho, na mimi nahesabu nani anaongoza. Nimejionea aibu kidogo.

Jumapili, tarehe 23

Nyumba kimya. Nimeamka mapema kwa mazoea.

Kila aliyepita leo amenipongeza. Wenzangu wa ghala wanasema nimepiga kama redio. Baba mdogo wa bwana arusi anasema alilia, ingawa alikuwa ameanza kunywa masanga, pombe yetu, asubuhi. Nimeitikia kwa kichwa. Hapa niandike ilivyokuwa.

Tulikaa chini ya paa la mabati mbele ya nyumba, Asani kushoto kwangu. Safi alisimama ndani ya mlango, Yaya amemshika kiwiko. Tulipanga nianze mimi. Nilianza. Uzi uliolegea ukateleza chini ya gumba, ukatoa sauti ya chura. Watoto wakacheka. Sikukumbuka hata nota moja.

Asani hakunitazama. Aliingia na wimbo, safi, kila kitu mahali pake. Ulikuwa mzuri kuliko ninavyoupiga mimi. Ulifika mwisho. Safi hakusogea. Yaya hakuachia kiwiko. Watu walidhani ndivyo ilivyopangwa. Asani akaurudia.

Mara ya pili nikapata mahali kule karibu na kichwa cha gita. Nyuzi mbili tu. Gumba likapita juu ya shingo, likakanyaga. Sauti ilitoka nzito, chini kuliko mtu yeyote alivyowahi kuusikia wimbo huo, kidogo imechelewa. Nikaendelea. Sikuangalia mlangoni kwa sababu nilikuwa naangalia gumba.

Nilijua Yaya ameachia nilipoona kitenge cha Safi kinapita karibu na goti langu. Aliinama.

"Papa, iko inanguruma," akasema. Alikuwa anacheka. Akaenda.

Tuliendelea kupiga mpaka gari la arusi likapotea. Nani aliimbisha? Asani. Nani alifuata? Mimi, na kwa shida. Yaya ameulizwa na mke wangu kama kidogo kile kilitosha. Amesema kisingetosha, angekuwa bado amemshika.

Asani amepita sasa hivi kuchukua mfuko wa gita lake alioacha. Ameketi, amekunywa chai. Hakutania. Ameangalia langu pale ukutani, nimelegeza nyuzi zote, shingo imenyooka karibu kama zamani, si yote. Akauliza kama nitalipeleka kwa fundi wa kweli. Nimesema sijui.

Mama Safi yuko uani anatwanga sombe. Ametwanga na ya Safi pia, hakufikiri.