Baiskeli ya Kaka Imenyamaza

Mwenzangu, nimeharibu.

Ile baiskeli ya marehemu kaka, leo fundi ameondoa gia mbili za mbele, imebaki moja. Nilitaka tu mnyororo uache kukwaruza.

Nikaingia nayo uani kimya kabisa. Mama akashtuka. "Mbona sijakusikia?"

Nikamweleza, tena kwa kujisifu! Akazima jiko.

"Kila jioni nikisikia ule mkwaruzo pale kwenye kona, nilidhani ni yeye. Kidogo tu, mpaka ufungue geti."

"Nilidhani ni yeye." Kila jioni! Mimi sikujua.

Nimempigia fundi arudishe. "Za zamani nimeshazitupa, dada. Nitakufungia mpya, ila mpya hazikwaruzi."

Mama amekaa mlangoni anatazama barabara. Mimi niko chumbani, naogopa kutoka.