Baba, Nani Abebe Maneno ya Watu?

Baba yangu,

Shikamoo. Tangu jana sijatulia, na ungekuwa hai, wewe ndiye ningekuuliza.

Unakumbuka mashine yako ya kuchapa pale Kariakoo, miaka ile ya ruksa, kila mtu anataka kusema lake? Nikitoka shule nilikuwa nakusaidia kukunja karatasi. Siku moja akaja kijana na tangazo la kuhimiza watu wavunje maduka ya Wahindi. Ukalisoma, ukamrudishia.

"Hili sichapi. Jirani yangu ana watoto."

"Mzee, si siku hizi uhuru?"

"Uhuru upo. Kachape kwingine. Na ukiona nimekuonea, nipo hapa kila siku, njoo tubishane."

Lakini akinamama waliofukuzwa sokoni ulipowachapia malalamiko yao, askari walikuja kukuchukua wewe. Wakakuuliza nani kaandika. Hukusema. Ulirudi umekonda, mama akalia, wewe ukafungua duka mchana uleule.

Siku hizi maneno ya watu yanabebwa na kampuni za mitandao, Baba. Ziko mbali, hakuna wa kubishana naye. Zuhura, muuza vitenge ninayemtetea, alisingiziwa kwenye video kwamba anaiba watoto. Akapigwa mtaani mchana kweupe. Tumeiandikia kampuni weee, inajibu kompyuta: "Haijavunja masharti yetu." Video ya wenzake wakilalamikia kuvunjiwa vibanda, hiyo ilifutwa mara moja, bila maelezo.

Jana niliitwa kwenye kikao cha maoni kuhusu sheria mpya ya mitandao. Wakili mwenzangu akataka kampuni ishtakiwe kwa kila neno linalowekwa. Watu wakapiga makofi. Mimi nikakukumbuka wewe: sheria hiyo ingekuwepo enzi zako, ungethubutu kuchapa nini? Nikasimama. Nikasema kampuni ikionyeshwa uongo unaoumiza mtu ikakaa kimya, ishtakiwe; ikifuta, itoe sababu na mtu aweze kukata rufaa; na wa kuamua awe hakimu, si askari. Mwenyekiti akaandika, sijui aliandika nini.

Tulipotoka, Zuhura akanishika mkono. "Umesema vizuri, wakili. Sasa ile video itaondolewa lini?"

Asubuhi hii nimeangalia. Bado ipo, na watu wanazidi kuisambaza.

Pumzika wewe, Baba. Mimi naenda mahakamani kwa ajili ya Zuhura.

Binti yako,
kitinda mimba