Wannes Amefuta Ushindi Wake kwa Kiatu

14 Mtaa wa Kitani,
Lokeren, Ubelgiji.
11 Juni 2018

Mpendwa mdogo wangu Lutgart,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo wewe, na shemeji Firmin hajambo? Mgongo wake umeachia, au bado anatembea ameinama kama anatafuta sindano? Sisi huku wazima, ila mume wangu Roger kakatazwa chumvi na daktari, na sasa anailamba bandani kwa siri.

Nakuandikia kwa sababu ya ile sherehe ya kumuaga mwanangu Wannes. Najua umeshakata tikiti ya ndege huko Kanada, na umeshanunua kofia. Kaa chini kwanza.

Kama nilivyokueleza kwenye simu juzi usiku, mwanangu alikuwa ameapa: akifungwa tena na Gauthier, anatundika raketi na kuingia kwenye duka la mikate la baba yake. Gauthier unamkumbuka, yule mtoto wa Liège mwenye kelele, aliyesoma naye shule ya tenisi na kula mezani kwangu kila Jumapili. Tangu hapo wanafukuzana viwanja vyote vya Ulaya. Wannes hasemi, hacheki, anapanga chupa zake za maji zote zitazame upande mmoja. Gauthier anavunja raketi, anagombana na waamuzi, na watu wakimzomea anawapungia mkono. Wapo wanaolipa kiingilio ili waje kumchukia tu, lakini kwa chuki hiyo hakuna anayemfikia mwanangu.

Basi Jumamosi wakakutana fainali, hapa hapa mjini. Nikwambie ukweli, mimi nilikwenda nikiomba Wannes afungwe. Ana miaka thelathini na nne, akipanda ngazi magoti yanalia, na Roger anahitaji mtu wa kuamka kukanda unga.

Si akaanza kushinda! Seti ya mwisho, imebaki pointi moja tu. Gauthier akapiga mpira mrefu, ukaangukia nyuma ya mstari upande wa Wannes. Nje kabisa, hata Roger aliyesahau miwani aliuona. Mwamuzi wa mstari kimya. Wannes akainua kidole, na mwamuzi mkuu akaanza kushuka kitini aje kukagua alama ya mpira kwenye udongo. Unajua mambo ya viwanja vya udongo: ukifuta alama iliyo upande wako, umekubali kwamba mpira ulikuwa ndani. Na mwanangu, niliyemlea asiache hata makombo mezani, wakati anangoja akaisawazisha ile alama kwa kiatu, taratibu, vizuri, mpaka hapakuwa na cha kukagua. Pointi akapewa Gauthier.

Kisha Gauthier akacheka mpaka akakaa chini.

"Asante, fagio!" akapaza sauti. "Ukimaliza hapo, njoo na upande wangu!"

"Mpumbavu wewe!" Nilidhani ni mtu mwingine aliyepiga kelele, kumbe ni mimi, nimesimama juu ya kiti, wala sijui namtukana nani kati yao.

Baada ya hapo Wannes hakuupata mpira tena. Akafungwa. Nilichokiomba nimekipata, na nikalia njia nzima.

Jumapili akazipeleka raketi darini. Tulikuwa mezani, nyama ya kupikwa kwa bia na chipsi, mara Gauthier huyo, kaingia bila hodi kama kawaida yake.

"Nasikia kuna sherehe. Ya nini?"

"Ya kuniaga," Wannes akajibu. "Umenifunga, nimeacha."

"Nimekufunga mimi? Umejifunga mwenyewe! Mji mzima unanicheka. Huo si ushindi, hiyo ni takataka umenitupia."

"Basi kaa nayo."

"Wannes, acha ujinga. Ukiondoka nitabaki na nani? Wale vijana wananiamkia! Jana mmoja kaniita mzee, akataka kunibebea begi. Mimi naamka alfajiri nikakimbie kwenye mvua kwa sababu najua na wewe uko barabarani unakimbia, mbwa wewe. Nani mwingine nitamchukia hivyo?"

Wannes akaisogeza sahani yake pembeni. "Mipira ya kushoto unaipiga kama mtu anayefukuza nzi," akasema.

"Njoo uone."

Roger akanigeukia, akingoja niseme neno ninalolisema mwaka mzima, kwamba sasa inatosha. Nikainuka, mdogo wangu, nikapanda darini mimi mwenyewe, nikazishusha raketi. Nilipompa Wannes begi alikuwa ameshakunja mikono ya shati, na macho yanacheka. Nilifurahi mpaka nikajikasirikia. Chakula kikapoa. Jioni walirudi kutoka uwanjani wamenuniana, kila mmoja akidai ameshinda yeye.

Kwa hiyo sherehe hakuna, na Roger anatafuta mtu wa kukanda unga. Wewe njoo tu na kofia yako, utaivaa uwanjani. Mwezi wa nane wanakutana tena Ostend, na safari hii nitaomba mwanangu ashinde. Nitaomba pia Gauthier asiumie hata kidole, maana akiacha yule, sisi tumekwisha.

Msalimie sana Firmin, na binti yenu Annelore na mumewe, na umbusu mtoto wao kwa niaba yangu. Mungu awakinge na baridi ya huko, awape afya na vicheko.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,
Godelieve