Sentensi ya kwanza ya Imran

Shirin, acha hizo bajia ziungue, soma hii kwanza.

Leo wifi yangu Mehjabin kampeleka mwanawe Imran chekechea, siku ya kwanza. Unamjua, miaka minne, ana usonji, maneno yake yote yanaenea kiganjani.

Mwalimu akamuuliza, "Unaitwa nani?" Imran naye, "Unaitwa nani?" Darasa zima kicheko.

Sasa kule kwa mtaalamu wa matamshi, mtoto akirudia neno anapigiwa makofi. Mehjabin huko dirishani akapiga makofi. Peke yake, Shirin. Alipiga makofi.

Mwalimu akaona mama na mwana wanamfanyia dhihaka. "Mtoe huyu mtoto hapa."

Mehjabin huyu anayefokea madereva wa malori dukani aliokota mkoba wa mtoto tu. Akambeba mwanawe, wakarudi zao nyumbani Kikuyu.

Nilikuwepo akimvua viatu. Imran akatamka, taratibu, kwa sauti ileile ya mwalimu: "Mtoe huyu mtoto hapa."

Maneno manne, Shirin. Hajawahi kufikisha matatu.

Ameyarudia mara sita sasa. Mehjabin kakaa sakafuni na kiatu mkononi, ananiuliza, "Wifi, nimpongeze?"

Na mdomo wangu huu wote, nimebaki kukuandikia wewe.