Doa Chini ya Pikapu

Baba,

Ufunguo wa pikapu ninao mimi. Sijamwambia mtu. Uko ndani ya soksi yangu ya shule, na tangu mchana Baba Mdogo anautafuta, amepekua hadi chini ya mto wa Mama. Amewafokea wadogo zangu, anasema watoto wa nyumba hii wamekosa adabu tangu kaka yake azikwe. Mimi nilikuwa nachambua maharage. Nikainamisha kichwa tu, si unanijua.

Nimekaa kitandani, karatasi juu ya magoti, sweta iko tayari kuifunika mtu akiingia.

Baba, gari lako linavuja.

Nilianza kuliona doa siku zile za matanga. Ninayefagia uwanja kabla watu hawajaamka ni mimi, na nyumba ikiwa na msiba uwanja hauachwi na hata jani. Kila asubuhi nilikuta doa chini ya gari. Nikalimwagia majivu, nikalifagia, wageni wakaja wakakuta pasafi, wakamsifia Mama. Hakuna mwingine aliyeliona. Niliyeliona ndiye niliyelifuta.

Nilijiambia ni oili tu. Lakini ulishanifundisha, ukiwa umelala chali chini ya gari, miguu nje: "Usiliulize gari, fundi. Liulize doa." Ukatandaza katoni, tukasubiri, ukanishika kidole ukakichovya. Cheusi kizito ni oili ya injini. Cha kijani chenye harufu tamu ni maji ya rejeta. Chekundu ni mafuta ya stelingi, ya usukani. "Na hiki kinachoteleza, chepesi, kinababua mpaka rangi ya gari, hiki ni cha breki. Hiki usikichekee." Kisha ukaniuliza kuvuja kwa Kiingereza wanasemaje. Nikakuambia, "Leak." Ulicheka ukajigonga kichwa kwenye chasisi. "Wazungu bwana! Shida yote hii, neno ndilo hilo tu?"

Jumapili wenzangu walipokwenda kanisani nilisema tumbo linaniuma. Nikatandaza katoni. Nikapanda nikakanyaga breki. Pedali ilizama, ikakaribia kugusa chini. Nikakanyaga tena na tena, nikashuka kuangalia. Katoni ilikuwa imelowa usawa wa tairi la nyuma, upande wa dereva, na tairi lenyewe limelowa kwa ndani. Nikafungua boneti kuangalia kile kikopo cha mafuta ya breki. Kilikuwa na povu. Nikanusa.

Sabuni ya unga, Baba.

Baba Mdogo anajazia maji ya sabuni. Kama yule dereva wa lori la ngano uliyenisimulia, aliyekuwa akisema mafuta ya breki ni ya matajiri na sabuni iko jikoni. Ulisema mteremkoni breki zinapata moto, yale maji yanachemka, yanageuka mvuke, halafu mguu unakanyaga hewa. Nikakuuliza yule dereva yuko wapi sasa. Ukaniambia nikuletee spana.

Kesho ni mnada Katesh. Pikapu itapakia viazi, na juu ya viazi atakaa Mama, na kina mama wa jumuiya, na mdogo wangu Danieli, maana amelilia viatu mpaka akakubaliwa. Ule mteremko wa kutoka huku kwetu Gitting unaujua kuliko mimi.

Nilijaribu kusema. Jana nilipokuwa namnawisha Baba Mdogo mikono, wageni wamekaa, nikasema gari linavuja, ni breki. Sauti ilitoka kama ya kitoto cha paka. Akawageukia wageni: "Mnamsikia? Gari linamlilia kaka yangu, huyu anasema ni breki! Fomu Sri ya sekondari imeshampa ufundi. Haya fundi, mimina maji, mikono inakauka."

Wakacheka. Hata Mama alitabasamu, na Mama alikuwa hajatabasamu tangu tulipokuzika. Nikamimina maji. Neno lile, fundi, lilikuwa la kwako, Baba, hakuna mwingine aliyekuwa akiniita hivyo. Lakini wazee walisimama kaburini wakasema yeye ndiye baba yetu sasa, na kwetu binti hambishii baba yake mbele ya watu. Nikapeleka beseni jikoni, nikakaa na moshi.

Halafu nikakumbuka wodi ya hospitali ya Haydom.

Ule mfuko wa mkojo uliokuwa unaning'inia kando ya kitanda chako. Ulikuwa wa njano. Ukawa kama chai ya rangi. Ukawa wa kutisha. Nilikuwa nausoma kila nikija, kama ulivyonifundisha. Mama naye alikuwa anausoma, nilimwona. Tukawa tunakuuliza kama utakunywa uji. Siku ile Mama alipotoka kuchota maji ya moto uliutazama mfuko, ukanitazama, ukasema polepole, "Umeiona rangi, fundi?"

Nikasema sijaiona.

Ulijua naiona. Ukageuza uso ukutani. Ulikuwa unataka mtu mmoja tu wa kujua pamoja naye, Baba, nami nikakuacha peke yako na ule mfuko.

Nilifikiri kuutupa ufunguo chooni. Haitasaidia. Baba Mdogo anajua kuunga nyaya, alfajiri ataliwasha hata bila ufunguo, na Mama atapanda, kwa sababu hakuna aliyemwambia akamsikia.

Nasikia mabuti yako.

Anayavaa yeye siku hizi. Lile la kushoto limepasuka kisigino, linapiga kofi kila hatua, na kila nikilisikia moyo unaruka kabla sijakumbuka. Yamepita jikoni. Yanakuja huku. Mama yuko nyuma yake, anamwambia, "Muulize vizuri, shemeji, usimtishe."

Nilikuwa nimeshashika sweta. Nimeiweka chini. Karatasi akiiona aione. Katoni iko uvunguni, nitaivuta. Nitamshika kidole nikichovye kwenye lile doa kama ulivyonishika changu, Mama akiwa anaangalia, na nitasema, hata kwa sauti ya paka. Akinipiga, anipige. Ufunguo siutoi mpaka tairi lile lifunguliwe.

Pumzika, Baba. Kesho nitafagia uwanja wote, lakini chini ya gari sitagusa. Wenye macho waje waone, nakuahidi.

Amegonga.

Nimeiona rangi, Baba. Niliiona tangu siku ile.