Beti Niliyoimeza

Raushan rafiki yangu, mtu nisiyemtarajia ametokea kwenye karamu ya harusi ya binamu yangu Meruert! Serzhan, yule bingwa wa kujibizana mashairi!

Kumbe ami Bolat ndiye aliyemwita. Akaonyesha ala yangu ya nyuzi mbili: "Haya, msomi, jibizana naye. Ukishindwa, nipe hiyo dombra, ukafundishe shule kama wenzako."

Meruert akaninong'oneza: "Dada, niahidi hutamgusia mkewe aliyemkimbia. Ndiye wifi yangu, yuko pale mezani." Nikaahidi.

Raushan, niliimba! Wote walionibeza wakaacha kutafuna. Ami mwenyewe akaweka kijiko chini. Ami!

Ndipo Serzhan akapiga nyuzi, akaimba: "Digrii iko ukutani, mume yuko wapi, binti?"

Mume yuko wapi! Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Sasa nimejifungia chooni nalia. Dombra anayo ami. Jibu nilikuwa nalo, Raushan, moja tu la kumzika: na mkeo je, yuko wapi? Unajua asiyejibu papo hapo ameshindwa.

Lakini pale ukumbini nilimtazama kwanza yule wifi yake Meruert. Alikuwa ameinamia kikombe chake cha chai.

Vidole vyangu viliendelea kupiga nyuzi. Watu wakasubiri, wakasubiri. Sikufungua mdomo.